Ishara Ikitimia, Bado Hujamaliza Kupima: Mwongozo wa Kupambanua Roho na Kujilinda na Mafundisho ya Uongo

Waulize Wakristo wengi watamjuaje nabii wa uongo, watakujibu bila kusita: anachotabiri hakitimii. Jibu hilo lina ukweli. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema wazi kwamba neno lisilotimia, Bwana hakulinena. Lakini rudi nyuma sura tano tu, usome mwanzo wa sura ya 13. Hapo Musa anazungumzia nabii au mwotaji wa ndoto anayetoa ishara, na ishara yake ikatokea kweli, kisha akawaambia watu waifuate miungu mingine. Amri ni moja: usimsikilize. Ishara imetimia, na nabii bado ni wa uongo.

Mafungu hayo mawili yasomwe pamoja. Ishara isiyotimia humwangusha nabii. Ishara iliyotimia haimpitishi. Inakuachia kazi ya kuuliza inakupeleka kwa nani. Watu wengi waliopotezwa hawakupotezwa na utabiri uliofeli. Walipotezwa na ule uliotimia, kwa sababu baada ya hapo waliacha kuuliza.

Hatua ya kwanza: jipe muda

Neno lolote la kinabii likikujia, kwa ndoto, kwa mhubiri, kwa rafiki aliyekuwa akikuombea, liandike siku hiyohiyo. Andika tarehe, aliyesema, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na jambo uliloambiwa ulifanye. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote.

Nina daftari la namna hii kwa miaka kadhaa sasa. Kitu cha kwanza lilichonifundisha ni cha aibu kidogo: kumbukumbu yangu ilikuwa ikirekebisha unabii baada ya tukio. Mtu aliwahi kuniambia "naona safari", nami baadaye nikasimulia kwa uhakika kabisa kwamba alinitajia mpaka mji. Daftari lilikuwa na maneno mawili tu.

Ukiambiwa "fanya sasa hivi, mlango unafungwa usiku huu", hilo pekee linatosha kukufanya usubiri. Soma Yeremia 28. Hanania anasimama hekaluni, mwezi wa tano, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Habari njema tupu. Yeremia, ambaye amekuwa akitangaza kinyume chake, anamjibu "Amina", anamkumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia, na Hanania anapoivunja nira ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara, Yeremia anaenda zake. Hakupiga kelele wala kushindana naye kwa upako. Neno la Bwana lilimjia baadaye, na Hanania alikufa mwezi wa saba wa mwaka uleule. Ikiwa nabii wa kweli aliweza kuondoka kimya akasubiri, na wewe unaweza kulala juu ya jambo hilo siku tatu.

Mfano wa kinyume uko 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alikuwa ameagizwa asile wala asinywe Betheli, na asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamfuata, akamwambia malaika amesema naye kwamba arudi, akale. Alikuwa anamdanganya. Yule kijana (maandiko hayasemi umri wake, lakini mimi humwona kijana) hakurudi kumwuliza aliyemtuma. Alikula, akanywa, na njiani simba akamwua. Kosa lake lilikuwa kuruhusu ufunuo wa mtu mwingine ufute agizo alilokuwa amepewa yeye mwenyewe waziwazi.

Hatua ya pili: jua umeshika nini mkononi

Ndoto si sawa na unabii, na unabii si sawa na sadfa. Kuamka kila siku saa ileile, kuona tarakimu zinazojirudia, wimbo kupigwa redioni ukiwa unawaza jambo fulani: mengi ya hayo ni akili yako ikichagua inachokitafuta. Siyo dhambi kuyatafakari. Ila usioe, usiuze nyumba, wala usiache kazi kwa sababu yake.

Wanaopenda "kuweka ngozi" kama Gideoni, yaani kumwomba Mungu ishara, wangesoma Waamuzi 6 polepole. Gideoni alikuwa ameshapewa agizo. Hakutumia ngozi kuchagua njia, aliitumia kutuliza woga. Tena hakuridhika na jaribio la kwanza, ngozi ilowe na ardhi iwe kavu. Manyoya hunyonya umande kwa asili, kwa hiyo ngozi kulowa ingeweza kuelezeka. Usiku wa pili akageuza: ngozi iwe kavu, ardhi ndiyo ilowe. Wanaomtaja Gideoni leo mara nyingi huweka ishara ambayo ingetokea tu hata wasingeomba.

Hatua ya tatu: fuata ishara mpaka inakokupeleka

Hapa ndipo penye kiini, na ningependa usome taratibu.

Biblia inatupa visa vya nguvu halisi zisizotoka kwa Mungu. Waganga wa Farao waligeuza fimbo kuwa nyoka, wakageuza maji kuwa damu, wakaleta vyura. Waliishiwa kwenye chawa. Kwenye damu na vyura, aliyekuwa akitazama kwa macho tu asingeona sababu ya kumfuata Musa badala yao.

Kisa kigumu zaidi kiko Matendo 16. Kule Filipi, kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alimfuata Paulo siku nyingi akipiga kelele kwamba watu hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaohubiri njia ya wokovu. Kila neno lilikuwa kweli. Ungeweza kumwita shahidi, hata ukampa kipaza sauti. Paulo alimkemea pepo akamtoka. Mstari wa 16 umeshatueleza kwamba bwana zake walikuwa wakipata faida nyingi kwa uaguzi wake, na faida ilipokatika ndipo waliposhika mitume na kuwaburuta sokoni.

Weka kando ya kisa hicho maneno ya Yohana 10:41 kuhusu Yohana Mbatizaji: hakufanya ishara yoyote, lakini yote aliyoyasema juu ya Yesu yalikuwa kweli. Mtu aliyesifiwa na Bwana kuliko wote waliozaliwa na wanawake, hana muujiza hata mmoja kwenye rekodi. Kama kipimo chako ni miujiza, ungempita Yohana jangwani ukaenda kuketi kwa yule kijakazi.

Kwa hiyo, ukiwa na neno lako daftarini, jiulize maswali haya na uandike majibu:

- Nikitii neno hili, nitamtegemea nani zaidi kesho: Kristo au aliyelitamka?
- Linanipeleka kwenye utii ambao Maandiko tayari yanaudai, au linanipa ruhusa ya jambo yanalokataza?
- Nani anafaidika nikitii? Nani anaumia?
- Ningekuwa tayari kulisoma kwa sauti mbele ya watu wawili watatu waliokomaa kiimani?

Neno linalomwambia mtu amwache mke wake kwa sababu "Bwana amekuonyesha mwingine" halihitaji mfungo wa maombi. Limeshajibiwa.

Hatua ya nne: fungua sura nzima

Fundisho la uongo huja limebeba mistari. Shetani mwenyewe alimnukulia Yesu Zaburi 91 juu ya kinara cha hekalu, na maneno aliyoyataja yamo humo kweli. Alipoishia ndipo pa kuangalia: mstari unaofuata unazungumzia kukanyaga simba na nyoka, na kumseta joka kwa miguu. Hakuufikia.

Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kuliko karibu yote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Umo ndani ya barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli. Mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka 70, yaani wengi wao watazikwa ugenini. Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yao. Ahadi hiyo tamu ilitolewa katika kuwapinga wale waliokuwa wakihubiri mafanikio ya haraka, na leo inatumika kuhubiri hayohayo.

Mwingine ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Hutumiwa kumnyamazisha yeyote anayeuliza mtumishi swali. Soma kuanzia mstari wa 12. Masihi wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo na jamaa zao walipokuwa wachache na wageni, na walioonywa ni wafalme wenye nguvu. Zaburi inamlinda mnyonge asionewe na mwenye mamlaka. Ukiigeuza ikamlinda mwenye mamlaka asiulizwe na mnyonge, umeipindua. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana mbele ya watu wote (Wagalatia 2), na hakuna aliyeanguka akafa.

Waberoya wa Matendo 17:11 waliitwa waungwana kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku kuona kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Waliyekuwa wakimchunguza ni mtume Paulo. Mhubiri anayekasirika ukifungua Biblia yako amejiweka juu ya Paulo.

Hatua ya tano: anamfanya Yesu kuwa nani?

1 Yohana 4 inataka roho zijaribiwe kwa ungamo juu ya Yesu Kristo kwamba amekuja katika mwili. Kanisa la kale lilipambana na jambo hili kwa karne nyingi. Ario, kasisi wa Aleksandria, alipofundisha kwamba Mwana ni kiumbe, maaskofu walikutana Nikea mwaka 325 wakaungama kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Leo ni wachache watakaokana ungamo hilo kwa mdomo. Kosa hilo utaliona zaidi kwa nyongeza: Yesu *na* kitambaa hiki, Yesu *na* mafuta haya, Yesu *na* baba wa kiroho ambaye bila kufunikwa naye huwezi kubarikiwa. Sikiliza mahubiri matatu mfululizo, uhesabu ni mara ngapi msalaba umetajwa na ni mara ngapi mtumishi amejitaja mwenyewe.

Hatua ya sita: fedha

Kumtunza mhubiri si kosa. Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 9:14 kwamba wanaohubiri Injili waipate riziki kwa hiyo Injili. Sadaka ni halali. Kosa linaanza pale ambapo maombi, unabii au uponyaji vinapewa bei, hata bei hiyo ikiitwa mbegu.

Kipimo changu ni kimoja: asiye na kitu mfukoni, je, angepata huduma ileile, kwa muda uleule, kwa mlango uleule? Naamani, jemadari mwenye ukoma, alikuja kwa Elisha na talanta kumi za fedha, na alipopona nabii akakataa malipo. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia nyuma akachukua mbili, akaishia na ukoma. Simoni wa Samaria alipotoa fedha apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na kanuni kavu kuliko zetu. Didake, mwongozo wa kanisa wa zamani sana, unaagiza kwamba mtume msafiri akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na nabii akiagiza chakula kiandaliwe "kwa Roho" kisha akakila mwenyewe, naye ni wa uongo. Unaongeza kwamba akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, asihukumiwe. Walikuwa hawakatazi ukarimu, walikuwa wameshadanganywa wakajifunza.

Na ukiwa kiongozi, iga 2 Wakorintho 8: Paulo alihakikisha mchango unasafiri na watu zaidi ya mmoja ili asilaumiwe na mtu. Hesabu zisomwe mbele ya washirika. Asiyetaka zisomwe hana haki ya kudai aaminiwe.

Hatua ya saba: amejuaje siri yangu?

Mara nyingi kinachomvunja mtu nguvu ni kutajiwa jina, ugonjwa au anwani na mhubiri asiyemfahamu. Karama ya neno la maarifa ipo katika 1 Wakorintho 12, siipingi. Lakini jua pia hila zilivyo. Mwaka 1986 nchini Marekani, mtaalamu wa mazingaombwe James Randi na wenzake walinasa mawimbi ya redio katika mikutano ya mhubiri Peter Popoff. Mke wake alikuwa akimsomea taarifa za waliohudhuria kupitia kifaa kidogo ambacho Popoff alivaa sikioni. Taarifa hizo watu walikuwa wamezitoa wenyewe kabla ya ibada kuanza.

Siku hizi hata kifaa cha sikioni si lazima. Fomu ya mgeni, dawati la ushauri, kundi la WhatsApp na picha ulizoweka mtandaoni vinatosha. Njia nyingine ni kurusha wavu mpana: "namwona mama hapa, jina lake linaanza na M, anasumbuliwa na mgongo." Katika ukumbi wenye watu elfu, wapo kadhaa. Atakayesimama ataondoka akiamini alitajwa yeye. Basi kabla ya kushangaa, hesabu: ni nani wote walilijua jambo hili, na nililiandika wapi?

Hatua ya nane: uponyaji na dawa

Hapa sina utani. Usiache dawa kwa sababu mtu ametangaza umepona. Yesu aliwatuma wenye ukoma wajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio sheria iliwapa kazi ya kuwakagua na kuwatangaza safi. Uponyaji wake ulikubali kukaguliwa. Kama umepona, vipimo vya daktari vitaonyesha, na daktari ndiye atakayesimamisha dawa. Mtumishi anayesema kupima ni kukosa imani anaogopa majibu. Shinikizo la damu, kisukari, kifafa na VVU ni maradhi ambayo mtu anaweza kujisikia mzima kabisa kwa muda baada ya kuacha dawa, kisha akaanguka ghafla.

Hatua ya tisa: hofu, siri, kutengwa

Mafundisho yanayoua hufuata njia inayofanana. Kwanza ufunuo wa pekee ambao makanisa mengine hayana. Kisha ndugu wasioamini wanaitwa adui. Kisha mali, kisha mahali pa kujitenga, kisha mwili wenyewe. Jonestown, Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, walikufa zaidi ya watu 900. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na miili mingine mingi ikafukuliwa baadaye. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Hakuna aliyeingia huko siku ya kwanza akijua mwisho wake. Waliingia kwa kuimba.

Dalili ya mapema ni hii: unaanza kuficha. Unaficha kiasi ulichotoa, unaficha ulichoambiwa faraghani, unaogopa kuuliza, na unaambiwa ukiondoka laana itakufuata wewe na watoto. Kitisho cha laana kwa anayeondoka hakimo katika mafundisho ya Yesu. Wengi walipomwacha katika Yohana 6, aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza kama nao wanataka kwenda. Mlango ulikuwa wazi.

Akikosea, anafanyaje?

William Miller, mhubiri wa Marekani, na wafuasi wake walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza kwamba siku ya hukumu ni tarehe 21 Mei 2011. Siku ilipopita alisema hukumu imefanyika kiroho, akasogeza mwisho hadi tarehe 21 Oktoba. Nayo ikapita. Mwaka 2012 alikiri kwamba alikosea na kwamba kutabiri tarehe kulikuwa dhambi. Kukiri huko ni jambo la heshima, ingawa kulikuja baada ya watu kutumia akiba zao kwenye matangazo. Yesu alikuwa ameshasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

Ukitaka kumjua mtu haraka, mtazame siku unabii wake ulipofeli. Je, alisema "nilikosea", au alisema imani yako ndiyo iliyopungua?

Usiishie kwenye kushuku kila kitu

Kuna kosa la upande wa pili, nami nimelifanya: kuumwa na mmoja ukawakataa wote. Paulo anasema msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. 1 Wakorintho 14:29 inaweka utaratibu: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kupambanua ni sehemu ya ibada, na anayepambanua si adui wa Roho. Kanisa lenye afya huona ni kawaida mshirika kumwendea mzee baada ya ibada na kusema, "neno lile sikulielewa, nisaidie."

Ndugu yako akiwa ameshanaswa

Usianze kwa kumshambulia kiongozi wake. Ameshaandaliwa kwa hilo. Ameambiwa mtakuja, na ukimtukana mtumishi unatimiza unabii. Usikate mawasiliano, hata akikuita mpinga Kristo. Mwulize habari za afya, kazi, watoto. Mwalike nyumbani bila ajenda. Ukimpa fedha, mpe mahitaji yenyewe, chakula au karo, usimpe taslimu. Ikiwa mtoto ananyimwa dawa, chakula au shule, hapo huombi ruhusa ya mtu: toa taarifa kwa serikali.

Siku akiwa ametulia, mwulize swali moja tu: "Ni jambo gani likitokea, utajua kwamba amekosea?" Akisema hakuna, usibishane. Nyamaza, mnywe chai, na mwezi ujao mwulize tena. Mara nyingi huja siku anajibu kwa sauti ya chini, akitazama mlango.